Mlango Unaofunguka kwa Ndani

Kifuniko cha themosi kililia kwii gizani, na Wangu, aliyekaa nyuma, akajua watu wa kiti cha mbele yake wanamimina chai. Basi la alfajiri la kwenda Njoro lilikuwa nusu tupu. Binti yake Shantel alimlalia kifuani, macho wazi.

"Shika chai, boss," mama mmoja akamwambia mwanamume aliyekaa kando yake. "Kwa hivyo leo hiyo Nissan yako mbovu inauzwa skrepa?"

"Wanaichukua saa mbili, nikifika nyumbani Njoro, mathe. Mlango wa nyuma unafunguka kwa ndani tu. Bibi yangu, mama watoto, alikuwa anapitia mlango wa dereva, anaruka viti, anatufungulia. Tulimzika Aprili."

"Woi, pole. Lakini gari si bibi. Si umesema kuku ndio wanalala humo?"

"Wanalala kwa kiti chake." Akacheka kidogo. "Nikiiuza, ni kama nimemfungia nje."

Yule mama akanywa chai yake. Wangu, ambaye mume wake yuko Qatar mwaka wa pili, akamkumbatia mtoto.

Basi likasimama Njoro. Yule mwanamume hakuinuka.

"Mimi naweza kuruka viti nimfungulie bibi yake," Shantel akasema kwa sauti.