Baba Wawili wa Kaholo

Pale kona ya duka la Bi Oshiro, mjini Hilo, huku visiwani, kuna benchi limepauka chini ya bati. Mvua inanyesha, maana Hilo mvua ndiye mwenye mji, na hakuna anayeondoka kwa ajili yake. Asubuhi hiyo ya Alhamisi walikuwapo wale wale. Redio, dereva mstaafu wa basi la shule, aliyepewa jina hilo kwa sababu hazimiki. Kasa, mzee mpole wa shingo ndefu, anatafuna wali wake wa kubana na nyama ya kopo kama anauonea huruma. Katikati yao Bi Hulali, kikombe cha kahawa mkononi, hajaonja hata funda. Alikuwa amekasirika tangu jana jioni, na hasira nzuri mtu haichanganyi na kahawa.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Jumamosi mjukuu wake, Pilialoha, anaolewa, na kabla ya chakula kila upande utaghani nasaba yake, jina kwa jina, kushuka kutoka kwa machifu wa kale. Kwa upande wa bwana harusi atakayeghani ni shangazi yake, Bi Leinaala, ambaye pale kijiweni anaitwa Manyoya kwa lile shada la manyoya ya ndege asilolivua hata akienda kununua samaki. Basi huyo Manyoya kapiga simu. Kasema, kwa sauti ya asali, kwamba kwenye nasaba ya Hulali yumo babu mmoja, Kaholo, mwenye baba wawili. Mchungaji atakuwepo, na wageni wa Honolulu watakuwepo. Kwa hiyo Hulali achague baba mmoja, yule mwingine ampumzishe.

— Ampumzishe, — Bi Hulali akarudia. — Kama mpishi wa hoteli.

— Kakosa adabu, — akasema Kasa.

— Tena kanipigia na methali. Eti mshika mbili moja humponyoka.

— Sasa hapo nani kaponyoka? — Redio akauliza. — Wanaume wote wawili walinasa.

Walinasa kweli. Kaholo alikuwa poolua, mtoto wa vichwa viwili. Machifu wawili, Lonopai na Kekoanui, walilala na mama mmoja mwezi mmoja, mtoto alipotoka kila mmoja akasema ni wake, na hakuna aliyemwachia mwenzake. Kwa wakubwa wa zamani hiyo haikuwa aibu hata kidogo. Ilikuwa ni karamu mbili, na mashamba ya magimbi pande zote mbili za mto. Ukoo wa Hulali umejipigia kifua kwa jambo hilo mpaka majirani wamechoka.

— Kitanda hakizai haramu, — akasema Kasa.

— Hapo palikuwa na vitanda viwili, mzee.

— Ndiyo maana haramu ikakosa pa kulala.

Redio akageuza mashambulizi. Akakumbusha kwamba Manyoya mwenyewe, kila arusi, anaghani kwa kidevu juu jinsi bibi yake wa kale alivyoolewa na kaka yake wa tumbo moja, ndoa ya heshima kuliko zote, isiyoruhusiwa ila kwa walio juu kabisa.

— Kaka na dada, hilo anaimba, — akasema. — Wanaume wawili, hilo ndilo linamtia haya mbele ya mchungaji. Bi Hulali, huyo haogopi dhambi. Anaogopa kitu.

— Anaogopa nini?

Kasa alimeza kwanza. Yeye aliona ni cheo. Ukimtoa Lonopai, na ndiye Manyoya anayemtaka atoke, anabaki Kekoanui, chifu mdogo wa huku chini pwani. Ukimbakiza Lonopai, Pilialoha anampita bwana harusi kwa cheo, na Manyoya atalazimika kuukalia mkeka wa chini, yeye na manyoya yake.

Redio akasema hapana, kuna zaidi. Huyo Lonopai, ukichimba, ni babu wa Manyoya pia. Bi harusi na bwana harusi ni damu moja, na Manyoya anaficha.

— Sasa afiche nini? — Kasa akashangaa. — Zamani ndiyo ilikuwa bora. Damu ikirudi kwenye damu, mtoto anapanda cheo.

— Basi atapanda huyo mtoto mpaka hatuwezi kumtazama. Akipita hapa, sote kifudifudi. Kivuli chake kikikugusa, umekwisha.

— Mimi na magoti haya nitauawa.

— Hutauawa. Wa cheo hicho walitembea usiku tu, watu wapate kufanya kazi mchana.

Walibishana hivyo kwa moyo wote, kana kwamba mtoto tayari yuko mlangoni, mpaka Bi Hulali akaweka kikombe chini.

— Simtoi mtu, — akasema. — Babu yangu alinifundisha kwa fimbo, na nitaghani kama alivyonifundisha. Sikilizeni.

Akanyoosha mgongo. Sauti yake, tuseme ukweli, ilikuwa bado nzuri.

— Makoa mume, Hinalei mke, akazaliwa Lonopai. Lonopai, Kekoanui, akazaliwa Kaholo. Kaholo mume, Puaiki mke, akazaliwa Nahoa.

Akashuka hivyo hadi kwa Pilialoha. Redio akapiga paja. Hata Bi Oshiro alichungulia dirishani.

Mwishoni mwa benchi alikuwa amekaa mama mmoja wa kisiwa cha Molokai, aliyekuja kumtembelea dada yake, akijikinga mvua, mfuko wa magimbi mapajani.

— Samahani, dada, — akasema. — Mama yake aliitwa nani?

— Mama wa nani?

— Wa Kaholo. Kote umetaja mume na mke. Pale umetaja mume na mume.

Redio akageuka kumtazama Bi Hulali. Kasa aliacha kutafuna.

— Alikuwa mke wao, — akasema Bi Hulali.

— Ndiyo. Nani?

Kila mstari wa nasaba una viti viwili, na pale wale wanaume wawili walikuwa wamevikalia vyote. Tangu utotoni Bi Hulali amewatetea wasinyanyuliwe. Akaanza upya, taratibu, kutoka juu: Makoa, Hinalei, akazaliwa Lonopai. Akafika kwa Kekoanui, akakwama. Yule mama wa Molokai alikuwa bado anamtazama, kwa adabu, anangoja jina.