Siku Spika ya Matanga Ilipozimwa kwa Ajili Yangu

Ndugu zangu, niwieni radhi nashuhudia nimekaa. Mwanijua, mimi si mtu wa kukaa. Hapa Mjambere matanga yote nilikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka.

Mapafu yaliniharibika kwa moshi, miaka na miaka nikikaanga mihogo kwa moto wa vifuu vya nazi. Hospitalini wakasema sasa nahitaji oksijeni, na mashine ni mbili. Kuna kubwa ya nyumbani, ya stima, inayotoa hewa mfululizo. Kuna na ndogo ya begani, ya betri, inayotoa kidogo kidogo kila ukivuta pumzi. Muuguzi akaniambia, "Mama, kwa hali yako chukua ya nyumbani. Ukilala unahitaji hewa isiyokatika."

Nikamjibu, "Mwanangu, mimi na kitanda hatujazoeana." Mchango wenu nikanunulia ile ndogo. Leo nasema kweli: nilitaka kuonekana mzima.

Nikatangatanga nayo. Naamka kichwa chagonga, maneno yanipotea, na bado naulizia nani kafa. Mume wangu akinikanya, namwita mwoga.

Kisha shangazi yangu akafariki, Kaloleni. Kwetu mtu wa ukoo haondoki matangani kabla ya kuzika, na mazishi yakasogezwa siku moja kungojea ndugu walio mbali. Chaja nilikuwa nayo. Lakini pale stima hakuna, jenereta ni moja, linaendesha spika ya mhubiri, nami nikaona haya kuomba. Nikabaki mkekani huku betri yaisha. Midomo ilipobadilika rangi, dada yangu akasimama: "Zimeni hiyo spika, huyu anakufa."

Mhubiri akakatwa katikati ya neno, mashine yangu ikachomekwa. Watu wote wakanigeukia mimi, marehemu akasahauliwa. Niliona aibu, ndugu zangu, na hofu pia. Nimekwenda kuzika, karibu nizikwe.

Nikarudi kwa muuguzi nimekuwa mpole kama kondoo. Muuzaji akakubali tubadilishe. Sasa ninayo ile kubwa, na mpira wake mrefu wa hewa wafika hadi barazani. Jiko tumelihamishia mbali, maana oksijeni na moto havikai pamoja, na upo mtungi wa akiba stima zikipotea.

Namshukuru mume wangu, dada yangu, yule muuguzi, nanyi mliochanga bila kuniuliza. Ukiulizwa wataka mashine gani, jibu kwa pumzi zako, usijibu kwa haya zako.

Lakini nisiwadanganye kwamba nimetulia. Nikisikia msiba, miguu yaniwasha. Juzi amezikwa jirani yangu, nami nikabaki barazani nikizunguka hadi mpira uniishie, narudi, nazunguka tena. Jioni nikaona wafiwa wenyewe waja, na leso zao za msiba viunoni. Mkubwa wao akatandika mkeka mlangoni pangu, akasema, "Mama, umetuzikia watu wetu wote. Leo msiba tumekuletea wewe."

Nikalia nao hadi nikatosheka, na pumzi haikukatika.