Sinia la Ijumaa

Kwenye basi dogo la kutoka Makole kwenda Nkuhungu, mama aliyekaa mbele yangu alikuwa akinywa supu kutoka kwenye chupa ya chai, funda moja kila kituo. Mzee aliyekuwa pembeni yake akamuuliza kama anaumwa.

“Nimefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula, baba, kwa ajili ya unene, leo wiki ya tatu. Nilikuwa siwezi hata kupanda ngazi za ofisini.”

“Na njaa?”

“Njaa wala siisikii. Ninachokikumbuka ni sinia. Kila Ijumaa mimi na dada yangu Waridi tulikula pilau pamoja, tukigombania ukoko mpaka marehemu mama anacheka. Leo amenialika, na sijamwambia kitu.”

“Mwambie kabla hajapakua.”

“Atalia.”

“Na akikuona huli, hatalia?”

Yule mama akafunga chupa yake. Mzee, ambaye hakuna aliyemwomba ushauri, akageukia dirishani.

Gari liliposimama Nkuhungu, mama alishuka taratibu, mkono tumboni. Dada mtu alikuwa akimsubiri kituoni, amejifunga kanga. Akamkumbatia kwa kicheko, akamshika kiuno, akakuta kimepungua, kicheko kikamkatika, akamtazama usoni.