Hita ya Laurencia

"Mama, mpira huo mrefu ni wa nini?" Mzee Metui alimuuliza mwanamke aliyeketi pembeni yake kwenye basi la kwenda Wasso. Hawakuwa wakijuana. Mimi nilikaa nyuma yao.

"Wa hita ya gari langu, mzee. Nililinunua Mto wa Mbu, na fundi wa huko alikuwa ameshaikata hita. Eti huko ni joto, hita ya nini?"

Alikuwa Laurencia wa Ganako. Juzi alimtoa mdogo wake kijijini Nainokanoka kumleta hospitali, uchungu umeshamshika. Pale ukingoni mwa kreta, kwenye baridi kali, kioo cha mbele kikajaa mvuke kwa ndani. Akawa anafuta kwa kanga huku anaendesha, mpaka tairi likakanyaga majani ya ukingo wa korongo. Mtoto alizaliwa salama, naye akaenda kununua mpira.

"Sasa utaifunga mwenyewe?"

"Mwenyewe. Maji ya moto ya injini yanapita humu, feni inapuliza joto kiooni."

Metui aliuchukua mpira, akachungulia tundu lake. "Na yakivuja, injini si itaungua? Mpe fundi."

"Fundi ndiye aliyeikata!"

Fundi hakuwepo kujitetea. Basi lilisimama Ganako, Laurencia akashuka na mpira wake.

"Nitajuaje kama imepona?" Metui alimuuliza kutoka dirishani.

"Ukiona gari linapita kwenye ukungu na dereva hafuti kioo kwa kanga, ni mimi."