Barua Niliyoipeleka Muheza Bila Salamu

Ndugu zangu, Bwana asifiwe! Asifiwe na walioanza mapema, asifiwe na sisi tuliochelewa. Nasimama mbele yenu, mimi Rebeka, mjane wa Nguvumali, nishuhudie jinsi Mungu alivyoniokoa na kiburi ambacho mimi nilikiita heshima.

Mume wangu alifariki Jumanne, wiki moja kabla ya Kwaresima, miaka minne iliyopita. Matanga yalipokwisha niliufunga mlango. Sikuomba chumvi kwa jirani, sikuomba kaa la moto, sikubisha hodi kwa mtu. Nikaingia darasa la watu wazima la misheni, nikajifunza kusoma na kuandika nikiwa na mvi. Ndugu zangu, nilijivuna! Nilikula nikitazama ukuta, nikajiambia kwamba ukuta angalau hausengenyi.

Riziki yangu ilikuwa machungwa. Wanawake sita wa Muheza waliniletea kila Ijumaa kwa basi, nami nikayagawa kwa wenye hoteli za chai mjini. Nisiwafiche: juma zima, hao sita ndio watu pekee walioliita jina langu.

Mwaka jana, Jumatatu ya kwanza ya Agosti, nilisoma tangazo stesheni. Jumamosi timu za majimbo zingekutana Tanga kwa mpira. Kuanzia Alhamisi mabasi yote ya Muheza yalikuwa yamekodiwa na washabiki wa mashamba ya mkonge, na barabara ya sokoni ingefungwa. Nikawazungukia wenye hoteli, nikawashauri wapokee machungwa Jumatano, kwa treni, kabla njia hazijaziba. Mmoja akacheka, "Mama Rebeka, wewe ungefaa kuwa Bwana Shauri wa bomani!" Nikafurahi kupita kiasi.

Kisha nikawaandikia wanawake wa Muheza: "Machungwa yote yafikishwe stesheni Jumatano asubuhi. Atakayechelewa asilaumu mtu." Basi. Sikuuliza hali. Hata jina sikutia; nani mwingine angewaandikia?

Jumatano treni ilifika. Nilisimama hata behewa la mwisho likafunguliwa. Yakashuka magunia ya mahindi na kuku wa watu. Chungwa, hata moja! Nikasema moyoni: na hawa wameniacha. Ndugu zangu, pale pale kati ya wachukuzi, niliogopa kuirudia nyumba yangu. Nikaomba, "Bwana, nipeleke kwa watu." Nikapanda basi la adhuhuri la kwenda Muheza.

Nilimkuta Bi Mwanaidi, mkubwa wao, mama wa umri wa kunizaa, ameketi uani na wenzake. "Mbona hamkuleta machungwa?" nikauliza, nimesimama.

"Tulete vipi? Tumepata barua ya bomani! Wanaume wako porini tangu jana wanadhani ni kodi, na sisi tunadhani serikali inayataka machungwa." Akaitoa barua ndani ya mtungi wa unga.

"Hiyo ni yangu," nikasema.

Wenzake wakacheka, mmoja mpaka akaishika nguzo. Bi Mwanaidi hakucheka. "Mwanangu, barua isiyomjulia mtu hali huandikwa na polisi. Kalamu imekunyang'anya shikamoo?"

Nikapiga magoti. "Shikamoo, Bibi."

Akasogea kwenye mkeka, akanipa nafasi. Akasema, "Marahaba. Umekula?"

Ndugu zangu, tangu matanga hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo, kwa kuwa sikumpa mtu nafasi. Nililia mbele yao wote. Haleluya!

Mchana ule tulichuma. Wanaume wakaitwa kutoka porini, wakabeba matenga huku wakitaniwa. Alhamisi asubuhi tukapanda treni pamoja. Hoteli mbili zilikwisha kununua kwingine, na matenga kadhaa yakaoza. Sitawaambia kwamba yote yalinyooka. Lakini hapakuwa na basi wala treni ya kuwarudisha wanawake hadi Jumapili, wakalala kwangu, wote sita. Nami nilikuwa na kikombe kimoja tu!

Nikaenda kwa jirani, ambaye kizingiti chake sikukivuka tangu matanga. Nikabisha hodi, nikaomba vikombe. Alinitazama, akasema, "Karibu. Mimi nilidhani umehama."

Ndugu zangu, kweli nilikuwa nimehama, nikiwa ndani ya nyumba ile ile! Upweke bado hunijia, jioni za Jumapili hasa, sisemi umekwisha. Lakini Mungu amenirudisha miongoni mwa watu, nami namshukuru kwa kinywa hiki kilichozoea kunyamaza.

Kama yupo humu ambaye tangu juzi hajasema na mtu, amtumaini Bwana huyu. Na ibada ikiisha asiondoke haraka. Nitakuwa hapo mlangoni, namngoja.