Ukurasa wa Tulipokosea

Dada yetu mkubwa, tunayemsindikiza leo, alizaliwa Jumanne tarehe 11 Machi 1958 katika zahanati ya misheni, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa baba mpiga chapa na mama mshonaji. Cheti cha ubatizo kinasema ni tarehe 12. Aliagiza zote mbili zitajwe, maana siku hiyo, kwa maneno yake, “nilikuwepo, ila sikuwa makini.”

Alianza darasa la kwanza mwaka 1965 na kuhitimu shahada ya sayansi ya siasa mwaka 1981. Darasa la nne mwalimu aliandika kwenye ripoti yake: “Ana akili, ila mbishi.” Baba alipomuuliza, alijibu, “Sibishi, Baba. Nauliza tu nani kasema.” Jina likamganda: Nani Kasema. Wadogo zake walikoma, jamani! Sukari ikipungua kopoini aliwahoji mmoja mmoja, kisha akalinganisha majibu.

Tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa na fundi saa. Shemeji anasema siku alipomwambia anampenda, alijibiwa, “Ushahidi?” Basi akautoa kwa miaka thelathini na mitano. Walijaliwa binti, ambaye ni muuguzi, na mwana, ambaye ni seremala.

Alifundisha uraia sekondari kwa miaka kumi na mitano, kisha mwaka 1996 akajiunga na taasisi huru ya utafiti wa sera. Kuanzia 2003 hadi alipostaafu 2018 aliongoza utafiti wa utawala, katika chumba cha ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani, ambako mafaili yalifika dirishani na birika halikupoa. Kazi yao ilikuwa kuchunguza kama mabaraza ya miji yanafungua vikao vyake kwa wananchi na kujibu malalamiko yao, na kuandika waliyoyakuta bila kumwonea mtu wala kumpendelea.

Mwaka 2009 walimwonea mtu. Ripoti ilisema karani wa baraza la mji mmoja mdogo anaficha mihtasari ya vikao. Redio ikaisoma, karani akaondolewa kazini, na wanawe wakazomewa shuleni. Wiki ya tatu karani alipanda ngazi mwenyewe akiwa na sanduku la bati, akalitua mezani kwa Dada. Ndani mlikuwa na mihtasari yote, mikavu. Paa la masijala lilikuwa linavuja, akaihamishia nyumbani kwake. Watafiti walikwenda mara mbili akiwa mgonjwa, wakamhoji msaidizi wake asiyejua lolote.

“Mama,” alisema, “mngeniuliza mimi.”

Mkurugenzi alitaka kosa lirekebishwe kimyakimya katika toleo lijalo. “Tukijianika hivi, nani atatuamini tena?” Dada akamwekea mezani karatasi mbili: masahihisho, na barua ya kuacha kazi. “Tumemvua mtu nguo hadharani,” alisema. “Hatuwezi kumvisha uchochoroni. Chagua.” Mkurugenzi, aliyeko hapa leo, alichagua masahihisho. Yalichapwa ukurasa wa kwanza, chini ya kichwa “Tulipokosea,” na Dada akayasoma kwa sauti yake kwenye redio ileile. Karani alirudishwa kazini baada ya miezi minane. Tangu hapo kila ripoti yao ilianza na ukurasa huo, na hakuna mtu aliyelaumiwa humo bila kusomewa kwanza.

Alianza kuugua figo mwaka 2021. Januari mwaka huu, 2024, akiwa wodini, alimwagiza mdogo wake, kitinda mimba anayewasomea hapa, aandike wasifu huu ili auone kabla ya watu wengine. Palipoandikwa “alipendwa na wote,” alikata kwa kalamu. “Wote? Umewahoji wangapi?” Akasoma hadi mwisho. Habari ya karani haikuwemo. Mdogo wake aliiacha makusudi, kulinda jina la dada yake.

“Haya, sasa nani anaficha mafaili?” aliuliza Dada. “Iandike. Halafu ukamsomee yeye kwanza. Akikataa, msiusome.”

Aliaga dunia Alhamisi tarehe 8 Februari, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu na wadogo watatu.

Juzi mdogo wake alikwenda kwa karani, ambaye naye sasa amestaafu, akamsomea barazani kwake. Alihofia kufukuzwa. Mzee aliomba asomewe mara ya pili. Kisha akavua miwani.

“Hakuna uongo humo,” alisema, “ila pana pengo. Andika kwamba nilimchukia miezi minane yote. Na andika kwamba kila mwaka, mvua zikianza, alinipigia simu kuuliza kama paa la masijala limezibwa. Nilimjibu bado. Liliezekwa upya mwaka 2012, mwanangu. Sikumwambia, nisije nikaikosa ile simu.”

Basi Tulipokosea ya wasifu huu ndiyo hiyo, na imehakikiwa.

Dada, paa limezibwa. Pumzika.