Birika Moja Lililopimwa

Ijumaa mtaa wa Najma, huku ughaibuni, hulala mpaka alasiri, ila benchi la nje ya bakala, duka dogo la mtaa, halilali. Kahawa humiminwa kutoka chupa moja, na wenye benchi ni watatu: Omondi, askari wa lango, huitwa Waziri kwa kuwa anajua yote, Harun dereva, huitwa Mufti kwa kuwa anahukumu yote, na Kiptoo wa stoo ya vyombo vya stima huko Abu Hamour, huitwa Fundi. Leo kahawa ilimpolea Fundi mkononi. Kesho asubuhi kontena linaondoka na mabirika elfu nne ya stima kwenda kisiwa cha Karibiani, na karatasi ya sampuli ina sahihi yake.

— Si cheti cha maabara kimetoka? akauliza Waziri.

— Kimetoka. Hilo ndilo linaloniuma.

— Wewe bana, unalia na umepita?

— Niliambiwa nichague birika moja liende maabara. Nikalifungua. Ule waya wa kuzuia mtu asirushwe na stima ulikuwa umelegea, nikaukaza. Mkono umezoea, haupiti kitu kibovu ukakiacha.

— Likapita.

— Likapita, na mengine yote yakapita nalo.

Mufti akameza funda.

— Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Basi mmoja akipona, wote wamepona. Sheria ni ile ile.

— Samaki hana waya, Mufti.

— Halafu stima ya huko ni nusu ya hii yetu, akadakia Waziri. Haiui, inatekenya tu.

— Nani kakwambia?

— Kuna msee wa kazini alipita huko na meli.

— Na wale wamezaliwa baharini, akasema Mufti. Chumvi imewakinga. Wewe nenda kaseme, Jumapili uko ndegeni umefukuzwa kazi, na atakayekurithi atatia sahihi huku akiimba. Mchagua jembe si mkulima.

Fundi akacheka, cheko la kuuma. Mama yake alizoea kumwambia, kazi ukiishika, ishike mpaka mwisho. Yeye kalishika birika moja tu.

Kerubo, muuguzi aliyehamia mtaani wiki hiyo, alikuwa amesimama kando akingoja kikombe.

— Samahani, kaka zangu. Hayo mengine, nani aliyakaza?

Mufti akamtazama Waziri. Waziri akachukua chupa, akammiminia kahawa. Fundi alisogea, akampa muuguzi nafasi ya kukaa.